Bunduki Niliyoiita Kuni

Nyinyi mnaoniona nikipita Coventry Road na kofia yangu ya kiua na koti refu la sufu, mkanong'onezana "yule mzee wa bunduki", huenda mnadhani nilikuwa askari. Sijawahi kuwa askari. Sijawahi kumpiga risasi hata kunguru. Lakini muulizeni yeyote aliyewahi kununua silaha za kale katika mji huu wa Birmingham. Bunduki kuukuu ya kijeshi ilipowekwa mezani, watu wenye magari marefu na vyeo virefu walikaa kimya wakinisubiri mimi, mtu wa darasa la nne, nimalize chai yangu.

Mwalimu wenu wa Kiswahili wa Jumapili aliniomba kurasa mbili juu ya kazi yangu. Nikamjibu kwamba mimi sienei kwenye kurasa mbili. Akacheka, akasema andika utakavyo, ila iwe Kiswahili, maana watoto hawa wanaelewa kila neno na wanajibu kwa Kiingereza. Haya. Someni kwa Kiswahili, mcheke kwa lugha mnayoitaka.

Kwetu Unguja nilikuwa mchonga milango. Nilipofika hapa mwishoni mwa miaka ya sitini hakukuwa na mtu anayetaka mlango wa kuchongwa, nikaingia kiwanda cha vyuma, nikasimama mbele ya mashine inayogonga bamba siku nzima kama mtu mwenye ugomvi. Nikavumilia msimu mmoja wa baridi. Jioni moja nikitoka kazini nikakata njia kupitia mtaa wa mafundi wa bunduki, kabla hawajaubomoa nusu kupitisha barabara zao pana, nikasikia harufu ya mafuta ya kitani na vumbi la mbao. Miguu ikakataa kwenda mbele. Nikafuata pua mpaka chumba cha chini ya barabara, nikamkuta mzee mfupi, mikono ya shati ameikunja, amebana kitu kwenye jiliwa na anakipitishia tupa taratibu.

Hakuniuliza cheti. Alinipa patasi. Nikaijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba, nikamrudishia.

"Butu," nikamwambia. Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa kifupi, lakini kilifika.

"Inoe basi," akasema.

Nikainoa. Nikabaki pale mpaka nilipofunga kazi.

Jina lake lilikuwa Alf, na mimi nilimwita Mzee Alf, akazoea hadi akaanza kujiita hivyo mwenyewe. Yeye alikuwa fundi wa mti wa bunduki. Ile sehemu ya mbao, tangu kitako unachoegemeza begani mpaka chini ya mtutu, sisi tunaiita mti, basi. Mizuri yote ilitengenezwa kwa mjozi, mti wa jozi zile mnazovunja wakati wa Krismasi. Babu yake alikuwa fundi wa mti, baba yake pia, na yeye mwenyewe alikuwa hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja Wales. Mimi nikapata nafasi ambayo mtu wa kwao angepaswa kuzaliwa nayo.

Sasa, mambo ya kazi. Yashikeni hata kama hamtanunua bunduki maishani mwenu.

Bunduki za kushindilia, yaani zile za kutia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, iwe gumegume ya jiwe au ile ya fataki iliyokuja baadaye, usizitazame uzuri kabla hujatia mdeki. Mdeki ni ile fimbo ya chuma ya kushindilia. Iteremshe ndani mpaka igote, ibane kwa vidole pale mdomoni, itoe, ilaze juu ya mtutu kwa nje. Ikifika nyuma kabisa, mtutu mtupu. Ikipungua, kuna kitu kimelala humo.

Daktari mmoja wa Kings Heath aliniita nimtazamie bunduki aliyokuwa ameitundika ukumbini tangu arithi nyumba. Watoto wake waliichezea vita kila sikukuu, wanaelekezeana vifuani. Nikatia mdeki, ukapungua shubiri nzima.

"Daktari," nikamwambia, "hii ina mimba."

Akacheka sana. Nikaomba beseni, nikaingiza kijiti chenye skrubu nchani, nikavuta polepole. Kwanza likatoka karatasi lililooza, kisha donge la risasi, kisha nikainamisha mtutu, ikamwagika baruti nyeusi, kavu kama imetiwa jana. Daktari akakaa kwenye ngazi. Akawaita wanawe mmoja mmoja, wakaja. Aliwashika vichwa tu.

Baada ya mdeki, pua. Bunduki yenye umri wake inanuka mafuta yaliyochoka na jasho la watu. Iliyozeeshwa juzi inanuka siki na majani ya chai. Kuna jamaa alikuwa akizifukia kwenye samadi ya farasi zipate kutu ya heshima. Nilimwambia, ndugu yangu, kutu yako nzuri, lakini farasi bado yumo. Hakuniuzia kitu tena, na mimi sikujutia.

Halafu skrubu. Ukiona mfereji wa kichwa umetafunwa, jua kuna mtu kaifungua kwa bisibisi isiyo yake, kwa hiyo jiulize alifuata nini humo. Na zile bunduki za kufunguka nyuma, ukitaka kuona ndani ya mtutu, unaweka ukucha wa dole gumba pale nyuma, unaelekea dirishani, ukucha unautupa mwanga ndani, unaona kila shimo la kutu. Siku hizi vijana wa minadani wana tochi nyembamba na vioo vya daktari wa meno. Wanaona zaidi yetu, sikatai. Lakini tochi huwezi kwenda nayo kwenye kila harusi, na ukucha ninao popote nilipo.

Yote hayo nilifundishwa na Mzee Alf. Moja nililileta mwenyewe kutoka kwetu, nalo ni kuponda mali ya mwenzio kwa maneno.

Nyinyi mliozaliwa hapa mnanunua kitu kwa kusoma karatasi iliyobandikwa. Sisi sokoni Darajani, kitu ukikipenda unakitukana. Unakigeuza, unasonya, unamwuliza mwenye kitu kama ana habari kwamba kimeoza. Naye anakuapia mbele ya Mungu kwamba kizima. Unakiweka chini, unaondoka, tena unaondoka polepole, maana kuondoka ni sehemu ya mapatano. Anakuita. Unarudi kwa shingo upande. Mnapatana, mnacheka, mnaulizana hali za watoto. Kwenye mnada mbinu hiyo ilinipa bunduki nyingi, kwa sababu wauzaji wa mnadani ni wachuuzi, na mchuuzi ni mtu wa Darajani popote alipozaliwa.

Mzee Alf hakuipenda. Yeye akipenda bunduki alitoa pochi, asipoipenda alivaa kofia yake akaenda. "Maneno yako yanachosha kitu," aliniambia. Nikamwambia maneno yangu ndiyo yanayotulisha. Tulikuwa tunaongea hivyo, si ugomvi.

Sasa nikuelezeni bunduki ya Kingstanding.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, macho ya Mzee Alf yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, anatofautisha dirisha na ukuta na si zaidi. Binti yake akasema inatosha, njoo ukae na sisi Wales. Siku ya kuondoka ikapangwa Jumatatu. Na mzee alikuwa na jambo moja hajalimaliza.

Fundi wa mti zamani alikuwa na muhuri wake mdogo wa chuma wenye jina lake. Akimaliza kazi aligonga jina ndani ya ule mfereji ambamo mtutu hulala. Mtutu ukishafungwa, jina limefunikwa. Askari anayeibeba hajui, anayepigwa nayo hajui. Mzee Alf maisha yake yote kila aliponyanyua mtutu alitafuta jina la babu yake, Thomas, na hakuwahi kulikuta. Alijua ishara moja tu ya nje. Babu yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kama alivyowahadithia wajukuu, ndiye fundi wa mti pekee wa kushoto katika mtaa mzima. Kwa hiyo mistari ya tupa yake, pale nyuma ya mtambo wa kufyatulia ambapo msasa haufiki vizuri, ililala upande tofauti na ya watu wengine.

"Nimepapasa bunduki za nusu ya jeshi la Malkia," aliniambia, "na yeye sijamgusa."

Wiki ile ile ikaja habari kutoka kwa mama mmoja mjane wa Kingstanding, Bi Hodgetts, kwamba ana bunduki ya vita vya kale ya marehemu mumewe, imekaa kabatini, anataka kuitoa. Mzee hakuweza kwenda, akanituma mimi.

"Tazama mistari," akasema. "Kama ni mkono wa kushoto, usirudi bila hiyo bunduki. Sijali ikoje."

Alhamisi nikapanda basi. Kingstanding ni nyumba za halmashauri, zote ndugu wa tumbo moja, kila moja na kibustani mbele. Bi Hodgetts alikuwa mwanamke mnene, mpole, aproni mwilini, akaniita "bab", ndivyo watu wa Birmingham wanavyoitana wakipendana na hata wasipojuana. Akanipa chai na biskuti za tangawizi. Akaileta bunduki mikononi mwake kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

Ilikuwa bunduki ya fataki, ya kijeshi, na ilikuwa imeharibiwa vibaya sana. Mtutu ulikuwa umekatwa mbele, labda mtu alitaka kuwindia sungura. Mtambo haukuwa wake, ulitolewa kwenye bunduki nyingine na kulazimishwa. Mdeki haukuwepo, nikatumia ufito niliokuja nao, mtutu mtupu. Mdudu alikuwa ameonja kitako. Kwa mkusanyaji yeyote hiyo si bunduki, ni msiba.

Nikaigeuza dirishani. Nyuma ya mtambo, kivulini, mistari ya tupa ilikuwa imelala kinyume.

Kushoto. Nikataka kuunyanyua mtutu nione jina, lakini skrubu ya nyuma ilikuwa imeganda kwa kutu, inataka mafuta na subira ya siku mbili. Jina au hakuna jina, agizo nilikuwa nalo. Yule mama alikuwa ananitazama. Na mimi, kwa desturi yangu, nikakunja uso.

"Mama," nikasema, "nani alikwambia hii ni bunduki?"

"Kwani siyo, bab?"

"Mtutu umekatwa. Mtambo wa kuazima. Mbao zimeliwa." Nikasonya. "Hizi ni kuni, mama. Kuni tu."

Nikaiweka chini, nikasubiri aniapie kwamba ni nzima.

Bi Hodgetts akanywea kidogo, kisha uso wake ukalainika. "Ahsante," akasema. "Mwingine angeninyamazia. Ningeona haya mno kukuuzia takataka."

"Si takataka kabisa, mama. Naweza kukusaidia kukuondolea..."

"Hapana, hapana. Ubebe uchafu wangu kwenye basi mpaka mjini? Sitakubali."

"Nitakupa chochote kwa ajili ya usumbufu."

"Usumbufu nimekupa mimi." Akaondoa kikombe changu. "Wewe mtu mkweli sana, bab. Mungu akubariki."

Nikasema moyoni, huyu mwanamke ni hatari, anajua mchezo kuliko mimi. Nikainuka. Nikaondoka polepole. Nikafika kwenye kigeti, nikaanza kuhangaika na komeo kama mtu asiyejua komeo, nimpe muda aniite. Nikasikia mlango nyuma yangu unafungwa taratibu, kwa adabu. Nikatembea hivyo hivyo polepole mpaka kituo cha basi. Mabasi mawili yalipita, mimi natazama kona ile kama atatokea.

Nyumbani nikamhadithia mke wangu, Zuhura, alikuwa anapepeta mchele.

"Umemwambia mwanamke wa watu kitu cha marehemu mumewe ni kuni," akasema, "halafu unakaa kituoni unangoja akubembeleze?"

"Ndiyo mapatano, Zuhura."

"Mapatano na nani? Yeye hayumo."

Mkitaka kujua kwa nini wanaume wa kwetu wanachelewa kurudi kutoka kazini, ni kwa kupata majibu kama hayo.

Ijumaa Mzee Alf ananisubiri amesimama. Nikamwambia mkono ni wa kushoto. Alifumba macho yake yale yasiyoona. "Iko wapi?"

"Nimeiponda. Kesho narudi, itakuwa imeiva."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakunifokea. Alipapasa ukutani, akachukua kofia yake, akaivaa, akakaa nayo kichwani ndani ya karakana hadi jioni. Mimi nimetukanwa kwa lugha nne na hakuna tusi lililonifika kama kofia ile.

Jumamosi asubuhi niko mlangoni kwa Bi Hodgetts, na nimevaa tai. Akafurahi kuniona.

"Nimekuja kuichukua ile bunduki, mama. Nimeitafakari."

"Ile? Nimefuata ushauri wako." Akanieleza bila haraka. Mnunua vyuma chakavu alipita jana na farasi wake. Shemeji yake akafungua bunduki kwa tindo na nyundo, vyuma vyote vikaenda na farasi. "Na mti nikawapa watoto wa moto. Si ulisema ni kuni, bab?"

Lazima niwaambie wasiojua. Novemba mwanzoni watu hawa huwasha moto mkubwa uwanjani na kuchoma sanamu la mtu wa zamani aliyetaka kulipua bunge lao. Wiki nzima watoto hukusanya mbao, viti vibovu, milango, kila mtaa na rundo lake, na hulilinda mchana kutwa wasije watoto wa mtaa wa pili wakaliiba. Moto wa mwaka ule ulikuwa jioni ya siku ile ile.

Nikakimbia. Mimi na tai. Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba, na rundo lilikuwa refu kuliko nyumba yenyewe. Mbele yake sanamu limekaa kwenye kigari cha mtoto, limetiwa magazeti tumboni, limevikwa koti la jeshi na kofia ya askari ya plastiki. Na begani, limefungwa kwa kamba, mti wa bunduki yangu.

Rundo lilikuwa na mkuu wake, msichana wa miaka kumi au kumi na moja, mabuti ya mpira, pua inachuruzika, rungu mkononi. Wenzake walimwita Jackie.

"Simama hapo hapo, mista."

"Binti yangu, nataka kile kijiti."

"Kijiti gani?"

"Kile begani. Hakifai kuchomwa. Kitatoa moshi tu, kimeliwa na wadudu, hakina thamani..."

"Sasa wewe unakitakia nini?"

Vijana, nimepatana na wachuuzi wa Kiarabu, na wa Kihindi, na Wayahudi wa mnadani. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Jackie akageukia wenzake. "Anadanganya," akawaambia. "Wa mtaa wa pili wamemtuma."

Basi nikachuchumaa pale matopeni, nikasema, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kununua, kwamba kitu ninachokitaka ni kizuri. Nikamwambia kuna mzee haoni, anaondoka keshokutwa, babu yake alikuwa akitengeneza vitu hivi kwa mkono wa kushoto, na huenda hiki alikitengeneza yeye. Hakuna kingine dunia nzima. Nikamwonyesha ile mistari. Akaipitisha kidole.

"Mimi pia natumia kushoto," akasema.

"Basi unamjua kuliko mimi."

Akafikiri. "Lakini sisi tunakwenda kuonyesha sanamu kwa watu sasa hivi. Askari hawezi kukosa bunduki. Tengeneza nyingine."

Nikavua koti. Kulikuwa na ubao wa mlango wa kabati ndani ya rundo, nikaazima msumeno kwa Bi Hodgetts, na kisu ninacho siku zote. Nikachonga bunduki juu ya goti langu, watoto wamenizunguka wananielekeza, weka kifyatulio, weka darubini. Nilikuwa nimechonga milango ya matajiri, nikasema hii ni dakika chache. Nikampa Jackie. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaipeleka jichoni, akafumba jicho jingine, akaitazama urefu wake wote kama ninavyofanya mimi.

"Imepinda, mista."

"Haijapinda!"

Akanirudishia, nikaitazama. Ilikuwa imepinda. Nikaichonga tena.

Mti nikauvika koti langu, nikarudi mjini na shati, katika baridi ile, wanawake ndani ya basi wananionea huruma. Karakana ilikuwa imefungashwa, masanduku aliyoleta binti yake yako mlangoni. Mzee Alf alikuwa amekaa juu ya moja.

"Vyuma vimekwenda," nikamwambia. "Mti ninao. Na mfereji uko wazi."

Nikamwekea magotini. Hakushika kitako kwanza, alianza mbele kabisa, akaja na dole gumba ndani ya mfereji taratibu, anarudi, anakwenda. Mimi niliona herufi kabla kidole chake hakijafika. Kidole kikafika. Kikasimama. Kikapita mara ya pili, herufi moja moja.

"E," akasema. Kisha akasoma lote. "Elijah Pratt."

Hakuwa babu yake. Nikakaa chini sakafuni.

"Huyu nani, Mzee Alf?"

"Simjui. Sijawahi kumsikia." Akapapasa nyuma ya mtambo, kwenye ile mistari, muda mrefu. "Lakini kushoto ni kushoto." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka. "Wa kushoto peke yake mtaa mzima! Tulikaa miguuni pake tukamwamini! Na huyu Pratt pengine alikuwa meza ya pili!" Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, sikuwa na la kufanya jingine.

Akatulia. Akaendelea kuushika ule mti.

"Umewahi kusikia mtu yeyote anamtafuta Pratt?"

"Sijasikia."

"Hata mimi." Akaupima kwa mkono, akafika kwenye shingo, pale tindo la shemeji lilipopita. "Umepasuka hapa."

"Umepasuka vibaya."

"Fungua lile sanduku la chini. Weka sufuria ya gundi motoni," akasema, na akaanza kukunja mikono ya shati. "Mimi sioni, kwa hiyo wewe utashika na mimi nitasema."

Tulifanya hivyo Jumamosi ile na Jumapili yote. Kiangazi kilichofuata nilikwenda kumtembelea Wales, nikaukuta juu ya meko sebuleni, mbao tupu, hauna hata kipande cha chuma, unang'aa. Jirani mmoja alikuwa amekuja kunywa chai, akauliza kama ile ni kazi ya yule babu maarufu.

"Hapana," Mzee Alf akamjibu, akigeuza uso upande ule ulikokuwa mti. "Hiyo ni ya Elijah Pratt."